Miungu ya Roma katika Majina Yetu na katika Chakula Chetu



Katika Kwarezima iliyopita, baada ya mafundisho, kijana mmoja wa kikundi chetu alibaki ukumbini wenzake walipotoka. Alibatizwa kwa jina la Mtakatifu Saturnin. Jirani yake alikuwa amemwambia kwamba jina hilo ni la sanamu ya Waroma, kwamba mwenye kulibeba amefungwa na roho ya sanamu hiyo, na kwamba afadhali alitupe kabla hajaandikishwa kwa mtihani wa serikali, maana jina likiisha kuingia katika diploma halitoki tena. Alituuliza kwa sauti ya chini: « Mwalimu, ni kweli? »

Nusu ya neno hilo ni kweli, na ndiyo maana hatukuweza kumjibu palepale. Tulimwomba arudi siku ya posho, saa ya mchana. Alirudi na wenzake sita. Yale tuliyowaeleza siku hiyo tunayaandika hapa, pamoja na mengine tuliyoyakumbuka baadaye, kwa kuwa swali lile halikuwa la kijana mmoja tu.

Tuanze na nusu iliyo kweli. Saturninus, kwa Kilatini, ni « mtu wa Saturnus ». Saturnus alikuwa mungu wa kale wa Waroma, mlinzi wa mbegu na wa kazi ya kupanda. Nguzo nane za hekalu lake zasimama hata leo mjini Roma, chini ya kilima cha Capitolium. Zamani hazina ya serikali iliwekwa humo. Sikukuu yake ilianza tarehe 17 Desemba. Siku hizo mtumwa aliketi kula kama mtu huru, na katika nyumba nyingine bwana ndiye aliyewaandalia watumwa wake meza. Jina hilo lilienea sana katika Afrika ya Kaskazini. Watu wa Kartago walimwabudu Baal Hammon tangu zamani, na Waroma walipoishika nchi yao, Baal huyo aliendelea kuabudiwa chini ya jina la Saturnus. Wazazi waliomheshimu walimwita mtoto wao Saturninus, kama vile kwetu mtoto alivyopewa jina la babu au la mvua iliyonyesha usiku wa kuzaliwa kwake.

Wala si Saturnin peke yake. Martin na Martine ni watu wa Mars, mungu wa vita. Mtakatifu Martin wa Tours, aliyezaliwa katika karne ya 4, alikuwa mwana wa askari, naye akawa askari kabla ya kuwa mmonaki na askofu. Haishangazi kwamba jina lake lilitoka kambini. Marc na Marcel hutoka katika Marcus, jina ambalo wataalamu wengi wanalirudisha kwa Mars huyohuyo, hivi kwamba mmoja wa Wainjili wanne ni mshirika wenu katika jambo hili. Janvier hutoka kwa Janus, mungu wa milango, aliyechongwa na nyuso mbili, uso mmoja ukitazama ndani na mwingine nje. Apollinaire ni wa Apollo. Denis ni wa Dionysos, mungu wa divai wa Wagiriki, ambaye Waroma walimwita Bacchus. Vénuste, jina tunalolisikia sana huku kwetu na kwa majirani wetu wa Rwanda na Burundi, ni neno la Kilatini lenye maana ya « mwenye kupendeza », nalo lilizaliwa na jina la Venus. Tungesimama mlangoni mwa kanisa baada ya Misa na kuyaita majina hayo, wengi wangegeuka.

Hata kalenda ya shuleni imejaa miungu hiyo. Katika Kifaransa « mardi » ni siku ya Mars, « mercredi » ni ya Mercurius, « jeudi » ni ya Jupiter, « vendredi » ni ya Venus. « Samedi » ilitoka kwa Sabato ya Wayahudi na « dimanche » ni siku ya Bwana. Waingereza ndio waliombakizia Saturnus siku yake. Katika karne ya 6, askofu mmoja wa Braga, katika nchi tuiitayo sasa Ureno, aliwakemea wakulima wake kwa sababu waliziita siku za Mungu kwa majina ya mashetani, yaani Mars, Jupiter na wenzao. Ni lazima wengine walimsikia, maana Wareno wanahesabu siku kwa tarakimu mpaka leo kama Kilatini cha Eklezya, na ndugu zetu wa Angola huiita siku inayofuata Dominika « segunda-feira », siku ya pili. Lakini askofu huyo aliyechukizwa na siku ya Mars, aliitwa nani? Aliitwa Martin. Mtakatifu Martin wa Braga alifuta jina la Mars katika juma, akalibakiza katika nafsi yake, wala hatusomi popote kwamba jambo hilo lilimnyima usingizi.

Kiswahili chetu nacho huhesabu siku, na huku mashariki twataja siku ya posho, kwa sababu ndiyo siku wafanyakazi walipopewa chakula cha juma zima. Hapo tunaacha majina kidogo na kuingia jikoni.

Mama anayenunua uji wa mtoto dukani husoma juu ya kopo neno « céréales ». Kwa Kilatini maana yake ni vitu vya Ceres, mungu wa kike wa nafaka. Mahindi, mchele, mtama, ulezi na ngano, vyote Kifaransa huviita kwa jina lake. Hekalu la Ceres lilisimama kwenye kilima cha Aventinus. Waroma walisimulia kwamba liliahidiwa wakati wa njaa, likawekwa wakfu mwaka wa 493 kabla ya Kristu, nalo likawa hekalu la watu wadogo, wasio wa jamaa za wakubwa. Kwa vizazi vingi habari ya Ceres ilikuwa habari ya siasa, maana Roma iliyokua haikuweza kujilisha yenyewe. Ngano ililetwa kwa meli kutoka Sicilia, Misri na Afrika ya Kaskazini, na serikali iliwagawia raia. Kaisari Augusto mwenyewe aliacha maandishi kwamba mwaka wa 2 kabla ya Kristu watu waliokuwa wakipokea nafaka ya serikali walizidi 200,000 kidogo. Ilikuwa posho kweli, na wakulima wa Afrika ndio waliotoa jasho lake.

Wachunguzi wa lugha wanalihusisha jina Ceres na mzizi uleule uliozaa vitenzi vya Kilatini vya kukua na kukuza. Ikiwa ni hivyo, basi mmea ulitangulia na mungu akafuata: watu waliona punje ikiota, wakashangaa, wakakupa kule kuota jina na hekalu. Neno letu « nafaka » halina mungu ndani yake. Lilitoka kwa Waarabu, na kwao maana yake ni matumizi ambayo mtu anapaswa kuyatoa ili kuilisha jamaa yake. Linakaribia sana posho.

Neno jingine la jikoni lina historia ya kustaajabisha zaidi. Waroma wa kale walikula uji na mkate wa aina ya ngano ngumu iliyoitwa « far ». Ndilo lililozaa « farina », na hatimaye « farine » mnayoisoma juu ya gunia la muoka mikate. Mabikira wa mungu Vesta waliikaanga « far », wakaisaga, wakaichanganya na chumvi. Unga huo uliitwa « mola salsa », unga wenye chumvi, nao ulinyunyizwa juu ya kichwa cha mnyama kabla ya kuchinjwa kwa sadaka. Tendo la kunyunyiza « mola » liliitwa « immolare ». Baadaye kitenzi hicho kikashika maana ya sadaka yenyewe, na Wakristu walipotafuta neno la Kilatini la kumsemea Kristu Pasaka wetu aliyetolewa sadaka, katika Barua ya kwanza kwa Wakorinto, sura ya 5, walikitwaa hichohicho. Mnapoimba kwa Kifaransa juu ya Mwanakondoo « immolé », unga wa Vesta ungali mdomoni mwenu. (Neno la pili, « salsa », limezaa « sauce » mnayoimimina juu ya wali. Humo hamna mungu. Ni chumvi tu.)

Waroma walimjua hata mungu wa ugonjwa wa ngano. Jina lake lilikuwa Robigo, nalo maana yake ni kutu, kwa sababu ugonjwa huo huyapaka majani rangi nyekundu kama ya chuma kilichozeeka. Kila tarehe 25 Aprili waliondoka mjini kwa maandamano mpaka nje, wakamchinjia mbwa ili ayahurumie mashamba. Katika karne ya 6 tunawakuta Wakristu wa Roma tarehe ileile, wakiandamana na kuimba litania ili Mungu abariki mazao. Ni ile Litania Kuu, iliyodumu katika kalenda ya Eklezya mpaka matengenezo ya liturujia ya mwaka 1969. Wazee wetu makatekista waliizunguka mashamba ya misioni kwa litania hiyo, wakiwa na msalaba mbele. Mbwa alikuwa amekwisha kusahauliwa. Njaa ilibaki, na woga wa mkulima mbele ya jani lenye madoa ulibaki vilevile. Nasi tulioshuhudia mihogo yetu ikiliwa na mozaiki tunaweza kumwelewa yule Mroma bila kuiabudu sanamu yake.

Sasa mtatuuliza: Wakristu wa kwanza walionaje mambo hayo, wao walioishi katikati ya mahekalu, na hekalu likitoa moshi kila siku?

Kuhusu chakula twajua, kwa sababu Mtume Paulo alilazimika kuandika. Mjini Korinto nyama ya sadaka iliweza kupelekwa kuuzwa sokoni kama nyama nyingine yoyote, na Mkristu mwenye kikapu hakujua kipande chake kimetoka wapi. Paulo, katika sura ya 10 ya barua ileile, anawaruhusu kula chochote kiuzwacho sokoni pasipo kuulizauliza. Mezani pa sadaka yenyewe, hapana. Na mtu akikuambia waziwazi kwamba nyama hii imetolewa kwa sanamu, uiache, kwa ajili ya dhamiri ya yule aliyesema. Angalieni mahali alipoweka mpaka: hakuuweka katika nyama.

Kuhusu majina, Paulo hakuandika amri yoyote, lakini alifanya jambo ambalo watu wengi wanalipita katika kusoma. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 14, watu wa Listra walipomwona ameponya kilema, walimwita Herme, yaani yule ambaye Waroma walimwita Mercurius, wakaleta ng'ombe na mashada ili wamtolee sadaka. Paulo alizirarua nguo zake kwa uchungu. Sasa fungueni Barua kwa Waroma, sura ya 16, aya ya 14. Kati ya ndugu anaowasalimu mjini Roma yumo mmoja anayeitwa Herme. Katika aya ya 15 yumo Nerea, mwenye jina la mungu wa bahari. Paulo anawasalimu, basi. Aliyezirarua nguo alipoitwa Herme hakumtaka ndugu yake Herme abadili jina. Huko Listra waliandaa sadaka. Huku Roma walimwita mtu aje kula mkate pamoja nao.

Na sasa twende Kartago, mwaka 203, kwa sababu jibu la kijana wetu limo huko kuliko mahali pengine popote.

Wakatekumeni watano walikamatwa: Vibia Perpetua, mwanamke wa ukoo mzuri mwenye miaka 22 hivi, aliyekuwa akinyonyesha, Felisita, mtumwa, aliyejifungua gerezani siku chache kabla ya kuuawa, Revocatus, Secundulus, aliyefia gerezani, na Saturninus. Saturus, aliyekuwa mwalimu wao, hakuwapo walipokamatwa. Alijitoa mwenyewe baadaye ili awe pamoja nao. (Sisi makatekista huisoma sentensi hiyo polepole.) Habari zao tunazo katika maandishi ya wakati uleule, na sehemu yake kubwa iliandikwa na Perpetua mwenyewe akiwa gerezani.

Siku ya mauti walipelekwa kwenye uwanja wa michezo, ambako wanyama walikuwa wanangoja. Walipofika langoni, askari walitaka kuwavika mavazi: wanaume mavazi ya makuhani wa Saturnus, wanawake mavazi ya wanawake waliowekwa wakfu kwa Ceres. Watu wa Kartago wangetazama kifo chao kama sadaka kwa miungu miwili ya shamba, yule wa mbegu na yule wa nafaka. Perpetua alikataa mpaka mwisho. Alisema kwamba walikuwa wamefika hapo kwa hiari yao ili uhuru wao usitwaliwe, na kwamba walikuwa wametoa maisha yao hasa kwa ajili ya kutofanya jambo kama hilo. Ndiyo mapatano waliyoyafanya na watesi wao. Mkuu wa askari aliona kwamba ni haki, akaruhusu waingie kama walivyokuwa. Saturninus aliachiwa chui, kisha dubu. Ilikuwa tarehe 7 Machi.

Alikuwa mtu mwenye jina la Saturnus, na alikataa kufa akiwa amevaa vazi la Saturnus. Wala hatusomi kwamba hapo langoni, alipokuwa akikataa vazi, alikumbuka kulikataa na jina. Vazi lingemfanya awe wa Saturnus kwa dakika chache mbele ya umati. Jina, ambalo mama yake alikuwa amemwita nalo tangu utoto, halikuweza. Miaka 101 baadaye, katika Afrika hiyohiyo, Wakristu wa Abitina walikamatwa kwa kukusanyika siku ya Dominika, na padri aliyewaongoza aliitwa Saturninus. Kufikia hapo jina lilikuwa na wafia imani wake yenyewe.

Ni haki kusema kwamba si wote walioona hivyo. Mwaka 533 padri wa kanisa la Mtakatifu Klementi mjini Roma alichaguliwa kuwa Baba Mtakatifu. Jina lake lilikuwa Mercurius. Aliona haifai jina la mungu wa wapagani likae juu ya kiti cha Petro, akajiita Yoane. Ndiye Yoane II, papa wa kwanza anayejulikana kubadili jina. Hatumlaumu. Alikuwa huru kulibadili, kama Herme alivyokuwa huru kubaki nalo, na Eklezya haikutunga sheria juu ya mmoja kwa sababu ya mwingine.

Vijana waliotusikiliza siku ile walidhani kwamba habari imekwisha hapo, mpaka mmoja akauliza kwa nini basi majina ya wazee wetu yaliitwa ya kipagani. Swali hilo tulikuwa tunaliogopa kidogo, na pia tulikuwa tunalingoja.

Sheria ya Eklezya ya mwaka 1917, kanuni ya 761, ilimtaka paroko aangalie mtoto apewe jina la kikristu. Wazazi wakikataa, aongeze jina la mtakatifu na kuyaandika yote mawili katika kitabu cha mabatizo. Kwa hiyo sheria yenyewe iliweza kuvumilia jina la nyumbani. Mara nyingi desturi ilikuwa kali kuliko sheria. Mtoto aliingia kisimani akiwa na jina la babu yake aliyekufa kabla ya kusikia Injili, akatoka akiitwa Martin, yaani mtu wa Mars, na wote wakafurahi kwamba jina la kipagani limeondoka.

Halafu ikaja mwaka 1972, na kosa lilelile likageuzwa upande wa pili. Serikali ya Mobutu ilikataza majina ya batizo kwa ajili ya ile iliyoitwa « authenticité ». Mapadri walitishwa kwa kifungo wakimbatiza mtoto wa nchi kwa jina la Ulaya. Kardinali Malula alipinga, akalazimika kuondoka nchini na kukaa Roma miezi kadhaa. Sisi tuliozaliwa karibu na wakati huo tulikua na majina mawili, moja la ofisini na moja la kunong'onezwa na mama wakati wa sala ya jioni. Tulipokuwa wadogo hatukujua lipi ni la kweli. Mwalimu aliita moja darasani, katekista akaita lingine, nasi tuliitikia yote mawili.

Sheria ya sasa, ya mwaka 1983, katika kanuni ya 855, inataka jambo moja tu: wazazi, wasimamizi na paroko waangalie lisitolewe jina lililo geni kwa moyo wa kikristu. Haidai orodha ya kalenda ya Ulaya. Na sisi Wakongomani tumekwisha kupata majina yetu wenyewe ndani ya kalenda hiyo. Mwenye heri Isidore Bakanja alipigwa kwa sababu ya skapulari yake, akafa tarehe 15 Agosti 1909. « Isidore » kwa Kigiriki ni « zawadi ya Isis », mungu wa kike wa Misri aliyekuwa na mahekalu hata Roma. « Bakanja » halikutoka kwa mungu yeyote wa Roma wala wa Misri. Kati ya majina hayo mawili, lile lililoletwa na misioni ndilo lenye sanamu ndani yake! Na Mwenye heri Anuarite, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 na kutangazwa na Yoane Paulo II mjini Kinshasa mwaka 1985, alikuwa wa Wabudu. Leo wasichana wanabatizwa kwa jina la Anuarite hata mahali ambapo hakuna anayejua Kibudu.

Kijana wetu hakutuambia siku ile ameamua nini, nasi hatukumuuliza. Juma lililofuata alituomba ruhusa ya kuona ukurasa wake katika kitabu cha mabatizo, na paroko alikubali. Kitabu kile ni kikubwa, jalada lake limefungwa kwa kitambaa, na karani wa zamani aliandika mwezi juu ya kila ukurasa kwa Kifaransa, kwa mwandiko wa kulala. Alikuwa amebatizwa mwezi wa tatu, kwa hiyo juu ya ukurasa pameandikwa « mars ». Chini yake, kwa wino uleule, kuna Martin wawili, Janvier mmoja, Anuarite mmoja, na yeye. Alisoma mstari wake mara mbili, jina la nyumbani na la batizo, akamwomba paroko amwandikie cheti kwa ajili ya shule, majina yote mawili.